Kuna na Lipa

Huko Osijek, kando ya mto Drava,
pesa yao ya zamani iliitwa kuna,
na senti zake, mia kwa kuna moja, ziliitwa lipa.
Sitanii.
Kuna ni mnyama mwembamba wa msituni,
ngozi yake ililipiwa kodi kabla ya sarafu;
lipa ni mti ambao nyuki wanaupenda maua.
Cheka kwanza, msomaji, halafu tuendelee.

Hrvoje Kolundžić alimjengea mfuga nyuki duka la mtandaoni.
Asali ya lipa, chupa moja, tisa.
Tisa za nini? Hapo ndipo penye kazi.
Hakutaka kumsumbua mteja kwa maswali,
akaiagiza programu ichungulie mipangilio ya kompyuta:
lugha, herufi mbili ndogo,
nchi, herufi mbili kubwa,
kama mpelelezi asomaye lebo ya koti mlangoni
akadai amemjua mwenye nyumba.

Koti huazimwa.
Kompyuta yake mwenyewe ilimtajia dola,
kwa kuwa tangu chuoni aliipanga kwa Kiingereza cha Marekani,
na Marekani hajaiona hata kwa kubadilisha ndege.
Akacheka, akarekebisha mstari mmoja, akalala.

Jumanne mfuga nyuki akapiga simu.
Kuna mama mmoja Retfala
kapokea chupa kumi na mbili, ankara haitaki.

Hrvoje akapanda tramu.
Zdenka Pavošević alikwisha kuziweka mezani:
noti ya mia, sarafu ya tano, ya mbili, ya moja.
"Tisa mara kumi na mbili, mia na nane.
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, kijana."

Akamwonyesha kompyuta dirishani,
imefunikwa kitambaa cha kufuma kama birika la chai.
Tisa, ilisema skrini, kuna tisa.
Vinko, mumewe, aliipanga majira ya baridi kabla hajafa,
na tangu hapo hakuna aliyeigusa ndani,
hakuna aliyeipasha habari
kwamba kuna hakuna.

"Mama, siku hizi ni yuro."
"Najua yuro. Kila asubuhi nanunulia mkate.
Nilidhani huyu wa nyuki
ametukumbuka sisi wa zamani."

Ilikuwa kazi ya dakika moja.
Hrvoje alishika kipanya, akafungua mipangilio,
na humo akakuta saa iliyochelewa dakika kumi na moja,
na jina la mtumiaji: Vinko.
"Hapo acha," akasema Zdenka,
kwa sauti ile ya kumnyang'anya mtoto chaki.
Akaacha.

Usiku ule alifungua msimbo wake.
Ukikuta kuna, akaandika, usibandike jina tu juu ya namba;
zidisha kwa saba nukta tano tatu nne tano,
yuro juu, kuna chini yake kwa herufi ndogo:
sitini na saba, lipa themanini na moja.
Halafu akaongeza swali alilolikwepa tangu mwanzo,
orodha fupi pembeni ya bei:
Unalipa kwa pesa gani?
Lilimchukua muda kuliko yote,
alilifuta mara mbili.

Lakini hayo ni ya usiku.
Mchana ule alirudi na chupa kumi kwenye begi,
zikigongana kila tramu ilipokata kona.
Mbili Zdenka alibaki nazo,
akazilipia kwa yuro, kumi na nane, kamili,
kisha akamsukumia ile noti ya mia mfukoni
na kumfungia mlango kabla hajakataa.

Mfuga nyuki alikuwa akingoja kituoni,
kofia mkononi.
Akatazama begi, akahesabu shingo za chupa.
"Kwa hiyo," akauliza, "kuna chochote?"
Hrvoje akaingiza mkono mfukoni.
Kuna.